Kiuno cha Mzee Marumaru

"Dakika ishirini," daktari wa picha alisema bila kugeuza kiti chake. "Baada ya hapo nina wagonjwa, na hao ndio ninaowajali."

Inspekta alifunga mlango nyuma yake. Chumba kilikuwa cha baridi, taa zimepunguzwa, skrini tatu zinawaka mezani. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kupigia picha kwa sumaku iligonga ko-ko-ko kama fundi bati asiyejua kuchoka. Kiti cha mgeni hakikuwapo. Inspekta akabaki wima, na Koplo, mwenye faili la kesi kwapani, akasimama nyuma yake huku akihema kwa sababu ya ngazi.

"Zitatosha," Inspekta alisema.

"Mara ya mwisho nilimwambia polisi sentensi moja tu. Nikaitwa mahakamani siku tatu kuieleza. Leo nitasema kilicho kwenye picha. Mnachotaka mimi niseme, kaandikeni wenyewe."

"Picha hii ndiyo inayomweka mtu nje ya kesi ya mauaji. Nataka kujua mambo mawili. Ni yake? Na ni mgonjwa kweli, au anaigiza?"

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mkwe wa Mzee Marumaru atolewe kwenye maji ya machimbo ya zamani, kichwa kimepasuliwa, na toroli la mawe limezama pamoja naye. Aliuawa Jumapili mchana ndani ya karakana ya kukata marumaru, wafanyakazi wakiwa makwao. Aliyemuua alimviringisha juu ya toroli, lile la chini ambalo kitanda chake hakifiki hata magotini, akamsukuma hadi machimboni, na kulitumbukiza toroli pamoja na mzigo wake. Kutoka karakana hadi machimbo ni njia ya kupanda polepole, hatua mia mbili na arobaini. Koplo alizihesabu mwenyewe.

Waliokuwa na ufunguo wa karakana walikuwa watatu. Mmoja ni marehemu. Wa pili ni mchonga mawe, ambaye marehemu alimfukuza kazi Ijumaa, na nyundo yake ndiyo iliyokutwa na damu. Huyo Inspekta alimtia mahabusu kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake asubuhi angesomewa shtaka. Wa tatu ni Mzee Marumaru mwenyewe, aliyeianzisha karakana ile na kumwozesha marehemu binti yake. Siku moja tu baada ya maiti kupatikana, mzee alifika kituoni na bahasha ya hospitali. Mimi kiuno changu ni hiki, alisema, sifikishi hatua hamsini.

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Hilo ndilo lililomkaa Inspekta kooni.

Daktari alibonyeza kitufe, na kiuno cha mtu kikatokea kwenye skrini ya kati, kimekatwa kwa upande kama mkate: pingili moja juu ya nyingine, na nyuma yao ukanda mweupe unaoshuka.

"Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, namba yake."

"Jina linaandikwa na mtu," Inspekta alisema. "Mtu anaweza kulala kwenye mashine kwa jina la mwenziwe."

Daktari alicheka kwa pua. "Unafikiri ninaendesha danguro?"

"Nafikiri una wagonjwa arobaini kwa siku na huwajui sura."

Kicheko kikakata. Daktari alichapa namba kwa nguvu kuliko kibodi ilivyohitaji, na kwenye skrini ya kushoto ikaja picha ya zamani, eksirei ya kawaida. "Miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliangukiwa na bamba la jiwe, akaletwa hapa kwa machela. Tazama pingili hii ya juu. Imebonyea mbele, ina umbo la kabari. Na hapa ukingoni kuna kipande kilichomeguka. Sasa tazama ya mwezi uliopita."

Inspekta aliinama. Pingili ilikuwa ileile, na kabari ileile. Kipande kilichomeguka kilikuwa palepale, kama jino lililoota vibaya.

"Watu wawili hawavunjiki hivi," daktari alisema. "Ni yeye. La kwanza limekwisha."

Inspekta alichora mstari kwenye daftari. Tangu juzi alikuwa amelishika wazo la picha ya kuazima, na alilitegemea. Sasa halikuwapo.

"La pili."

Daktari alibadilisha picha. Sasa kiuno kilikatwa kwa mlalo, kipande baada ya kipande, kila kimoja na duara dogo katikati. "Huu ni mfereji wa uti wa mgongo. Kilicho cheupe ni maji. Vidoa vyeusi ndani yake ni mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni. Hapa juu mishipa inaogelea, haina shida. Tunapanga madaraja manne. La kwanza ni hili: maji tele. La pili, mishipa imejaa lakini bado unaweza kuihesabu. La tatu, imeshikana, huitenganishi, maji hakuna. La nne, hata mafuta yanayokaa nyuma ya mfuko wa mishipa hiyo yamefinywa yakapotea."

Alishuka pingili moja, kisha nyingine. Kati ya pingili ya nne na ya tano alisimama. Duara halikuwapo tena. Palikuwa na kitu kijivu kilichobanwa pande zote, kama mbegu ya ukwaju.

"Daraja gani?" Inspekta aliuliza.

"La nne. Kano zimenenepa nyuma, diski imesukumwa mbele, viungo vya pembeni vimeota mifupa. Nimepima eneo lake: milimita za mraba arobaini na nane. Mtu mzima anatakiwa awe na zaidi ya mia. Na hapo alikuwa amelala chali na mto chini ya magoti. Akisimama hali inakuwa mbaya zaidi."

"Kwa hiyo kweli hawezi kutembea hatua hamsini."

"Sikusema hivyo!" Daktari aligonga meza. "Ndivyo mnavyofanya ninyi. Picha inaonyesha nafasi, haipimi hatua. Nina mtu mwenye mfereji kama huu anacheza mpira na wajukuu, na mwingine ambaye picha yake ni safi anatambaa kwenda chooni. Ukali wa ugonjwa ni picha pamoja na mtu mwenyewe."

"Na mtu mwenyewe anapimwa na nani?"

"Chumba cha mazoezi ya viungo, mwisho wa korido. Walimtembeza siku hiyohiyo." Alifungua ukurasa mwingine akausoma kwa sauti ya kuchoka. "Amesimama wima, hana mkongojo. Hatua arobaini na mbili, miguu ikafa ganzi. Alikaa ameinama mbele, dakika tatu. Akaendelea hatua arobaini na moja, akakaa. Akaendelea thelathini na tisa, akakaa. Jaribio likasimamishwa."

Koplo alikohoa. "Inspekta, huyu mzee ni msafi. Za mwizi ni arobaini, lakini si hatua. Twende zetu, kesho tuna shtaka."

Inspekta hakusogea. "Kwa nini alikaa ameinama?"

Kwa mara ya kwanza daktari alizungusha kiti, akamtazama usoni. "Ndiyo dawa yake. Ukinyooka, kano za nyuma zinajikunja ndani na kuufinya mfereji. Ukiinama zinanyooka, nafasi inapatikana, miguu inarudi. Wagonjwa hawa utawakuta sokoni wameegemea toroli la mizigo, wanazunguka saa nzima wala hawachoki. Mpe baiskeli, ataondoka. Kupanda mlima ni nafuu kwao, maana mtu anayepanda anainama. Kushuka ndiko kunakowaua."

Mashine upande wa pili ilinyamaza. Katika kimya kile Koplo alisikika akihamisha faili toka kwapa moja hadi jingine.

"Toroli," Inspekta alisema.

"Nimesema toroli, ndiyo. Nilijua. Hiyo ndiyo sentensi yangu ya siku tatu."

Inspekta alichukua faili, akasukuma kikombe cha daktari pembeni bila kuomba, akazipanga picha za njia ya machimbo mezani. Vumbi la marumaru lilikuwa limeifunika njia yote, jeupe na laini kama unga. Katikati ilipita mistari miwili ya magurudumu. Kandokando yalikuwa mabaki ya mabamba yaliyotupwa, na matano kati yake yalikuwa yamefutwa vumbi kwa makalio ya mtu. Nyayo zilikuwa za buti za karakana, zile za mpira ambazo kila mtu huvaa.

"Soma ulichoandika hapa," alimwambia Koplo.

"'Mtuhumiwa alipumzika mara tano kutokana na uzito wa mzigo.'" Koplo alikunja uso. "Kuna kosa gani? Hata mimi ningepumzika."

"Umbali kati ya jiwe na jiwe?"

"Hatua arobaini. Arobaini na moja. Niliziandika."

"Nyayo zinazokwenda kwenye mawe, vidole vinaelekea wapi?"

Koplo alivaa miwani. Aliinua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alichukua muda mrefu kwenye ya tano.

"Chini," alisema hatimaye. "Karakana."

"Na zinazopanda?"

"Zimenyooka katikati ya magurudumu. Hazijatoka kando hata mara moja."

"Kwa hiyo aliyekuwa na maiti na toroli alipanda hatua mia mbili na arobaini bila kupumzika. Akamaliza kazi, toroli likazama. Halafu wakati wa kushuka, mikono mitupu, hana mzigo wowote, akakaa chini kila baada ya hatua arobaini. Mchonga mawe ana umri gani?"

"Ishirini na sita," Koplo alisema kwa sauti ndogo.

"Mkewe amekaa kwenye benchi la kituo siku tisa, na kila asubuhi ukimpita anakutemea mate miguuni. Wewe ulisema ni mwanamke asiye na adabu."

Koplo alivua miwani. Daktari wa picha alirudisha kikombe chake mahali pake.

"Dakika ishirini zimekwisha," alisema. "Picha si ushahidi wa mauaji. Nikiulizwa, nitalisema hilo kwanza."

"Liseme," Inspekta alijibu. "Na milimita zako uziseme."

*

Nyumba ya Mzee Marumaru iliungana na karakana kwa ukuta mmoja. Mzee alikuwa barazani, kwenye kiti cha chini, viwiko juu ya magoti. Mabega yake yalikuwa mapana, mikono minene ya mtu aliyebeba mawe miaka hamsini. Binti yake alisimama mlangoni, nguo nyeusi, mikono kifuani.

"Shikamoo mzee," Inspekta alisema.

"Nani kakwambia nataka kuamkiwa?"

"Mmemzika mume wangu kwa maswali," binti alidakia. "Mtu mnaye. Nyundo mnayo. Mnatafuta nini tena kwa baba?"

"Wewe Jumapili ile ulikuwa wapi, dada?"

"Nimeshasema mara nne. Kwa wifi yangu, na watoto. Nilirudi saa kumi na moja jioni, baba yuko kitandani, miguu inamtetemeka. Nikamkanda. Mtu wa kukandwa miguu ndiye aliyeua?"

"Humtetemeka siku zote?"

Binti alimtazama baba yake. "Siku akitembea sana," alisema.

"Nenda ndani," mzee alimwambia.

"Siendi."

Inspekta alikaa kwenye ngazi ya baraza ili macho yao yalingane. "Nimetoka hospitali. Nilidhani picha si yako. Nakiri. Nimeitazama mpaka mwisho. Ni yako, na ni mbaya kuliko ulivyosema."

"Basi tumemalizana."

"Bado. Hospitali walikutembeza. Arobaini na mbili, ukakaa. Arobaini na moja, ukakaa. Thelathini na tisa."

"Wamesema kweli. Nami nilikwambia hivyohivyo. Ungeniamini ungeokoa mafuta ya gari."

"Nimekuamini, mzee. Ndiyo maana nimerudi." Alitoa picha tano akaziweka sakafuni, moja baada ya nyingine, mbele ya miguu yake. "Aliyepanda na mkwe wako hakupumzika. Aliegemea toroli, mgongo umeinama, akafika. Aliyeshuka alikaa hapa. Na hapa. Na hapa. Kila baada ya hatua arobaini."

Mzee hakuzitazama. "Buti za karakana kila mtu anavaa. Unyayo hauna jina."

"Hauna. Lakini hatua zake zina hesabu, na hesabu hiyo umeileta wewe mwenyewe kituoni ndani ya bahasha."

"Mawe yana watu wengi wa kuyakalia."

"Taja mmoja. Mwenye ufunguo, mwenye mikono ya kusukuma, na asiyeweza kushuka kilima mikono mitupu. Nipe jina lake, naondoka sasa hivi."

Upepo ulipita juu ya karakana ukainua vumbi. Mzee alisugua mapaja yake taratibu, kama mtu anayepasha chuma. Koplo, chini ya ngazi, alikuwa ameacha kuandika.

"Mnamtesa mgonjwa," mzee alisema. "Nitawashtaki. Nina barua ya daktari."

"Barua hiyo imo kwenye faili langu. Ukurasa wa kwanza."

Binti alitoka mlangoni. Alichuchumaa, akazitazama picha moja moja, akazikusanya, akazipanga upya kwa mpangilio wa njia, kuanzia juu hadi chini. Alikuwa amezaliwa pale. Kila jiwe alilijua.

"Baba," alisema. "Ulikaa mara ngapi?"

"Usiyasikilize maneno ya hawa."

"Nimekuuliza mimi. Tano?"

Mzee alimtazama binti yake. Uso wake haukulegea, wala sauti yake.

"Sita," alisema. "La kwanza nilikaa kulekule juu, ukingoni. Waliokuja kumtoa wamelikanyaga."

Koplo alishika kalamu tena. Binti hakusimama. Alibaki amechuchumaa, kidole kimoja juu ya picha.

"Kwa nini?"

"Nilikwenda kuchukua nyundo yangu. Nyundo niliyochongea jiwe la kaburi la mama yako. Mumeo aliichukua akampa yule kijana, kama vile nimeshakufa. Siku hiyo alikuwa kwenye mahesabu yake. Nikamwambia nipe kiti, mwanangu, nikae tuongee. Alikuwa na kiti kimoja cha ziada, kando yake." Mzee alikigonga kiti alichokalia. "Alikivuta akaweka mguu wake juu. Akasema, kama wewe ni mwenye karakana, simama kama mwenye karakana. Nikasimama. Nikahesabu pumzi. Miguu ikaanza kuungua, ikafa, nikashika meza nisianguke. Yeye anacheka. Mkono wangu ukakuta nyundo mezani."

"Angekupa kiti," binti alisema. "Ungemwambia tu unaumwa."

"Nilimwambia! Mwaka mzima nilimwambia. Alisema nadeka."

Binti aliinua kidole kwenye picha. Kisha binti akauliza swali ambalo Inspekta alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. "Na mchonga mawe? Siku tisa amefungwa, baba. Mkewe alikuja hapa kunilaani mbele ya wanangu, nikamfukuza kwa maji. Ulikuwa umekaa hapohapo. Ulituangalia."

"Yule ni kijana," mzee alisema. "Ana mgongo mzima. Jela angeivumilia."

Binti alisimama. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliingia ndani, na komeo la mlango likasikika likisukumwa mpaka mwisho.

Walichukua karibu robo saa kumfikisha mzee garini, kwa kuwa alikataa kushikwa na Koplo alikataa kumharakisha. Alipokaa kiti cha nyuma, ameinama, paji la uso limegusa kiti cha mbele, Inspekta alipiga simu kituoni. Alitoa amri fupi: mchonga mawe atolewe, arudishiwe mkanda na viatu vyake, mkewe aitwe.

Alisubiri. Upande wa pili zilisikika funguo, sauti ya mwanamume, kisha ya mwanamke iliyopanda juu ya zote. Ofisa wa zamu alirudi kwenye simu.

"Afande, hatoki."

"Hatoki vipi? Mlango mmefungua?"

"Uko wazi. Amekaa chini, mkewe ameingia akakaa naye. Anasema aliyemtia ndani kwa mkono wake aje amtoe kwa mkono wake, na aseme mbele ya watu alikosea. La sivyo watalala hapo wote wawili." Alishusha sauti. "Tuwaburute?"

Koplo alikuwa amewasha gari. Alimtazama Inspekta kwenye kioo, kisha akatazama pembeni.

"Msiwaguse," Inspekta alisema. "Mwambie nakuja. Na watu nao waambie wasiondoke."